Oili ya Bi Mkubwa

Mume wangu Salumu alikwisha niacha mara mbili, na mara zote mbili kwa upuuzi. Ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya kuku. Alisema kuku wangu kainyea kanzu yake ya Idi, nikasema kanzu haikuanikwa mahali pake, akasema, nikasema, mwisho akaniacha. Ya pili ilikuwa redio, na hiyo hata sitaki kuikumbuka. Kila mara alinirejea kabla edda haijaisha, amekuja na doti ya kanga kwapani na uso umemshuka. Nikamkubali kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu sikuona Bagamoyo nzima mwanamke mwingine wa kumweza.

Lakini talaka ni tatu tu. Ukishapewa ya tatu humrudii mume mpaka uolewe kwingine, ukae na huyo wa pili, naye akuache kwa hiari yake. Mwaka wa sabini na tano nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nimebakiwa na talaka moja, na sikuwa na nguvu wala hamu ya kuanza kuzoea mkoromo wa mwanamume mwingine.

Na hiyo moja ilitaka kunitoka kwa ajili ya oili ya gari. Ingekuwa mke mwenza ningeelewa. Ingekuwa uchawi ningetafuta dawa. Oili ya gari, mimi Sihaba, mtu na heshima zangu.

Gari lenyewe Salumu alikuwa nalo shirika na rafiki yake Darwesh, Mmanga mwenye duka la samli na mafuta ya ufuta pale Dunda. Walilinunua kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Lilikuwa la Kiingereza, jeusi, la mwaka thelathini na saba, na milango yake ilifunguka kinyume na milango ya wenye akili. Mimi na Mardhiya, mke wa Darwesh, tulilipa jina la Bi Mkubwa. Alikuja baada yetu sote wawili, lakini zamu zote alipewa yeye. Mimi Salumu hakuwahi kuniuliza kama nimelala vizuri. Bi Mkubwa aliulizwa kila asubuhi, tena kwa kupapaswa boneti.

Kazi yake ilikuwa harusi tu. Kila binti wa nyumba zetu mbili alipelekwa kwa mumewe ndani ya gari lile, na kila liliposimama liliacha doa jeusi la oili chini. Wewe pita tu mitaani, hesabu madoa, utajua nani kaoza.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya mwanangu wa mwisho, Tabia, aliyeposwa na kijana wa Miono aitwaye Ramadhan. Hapo ndipo Abdullatif, mpwa wa Salumu, aliporudi kutoka safari. Abdullatif alikuwa fundi mdogo katika chumba cha injini cha meli moja ya mizigo, na alimletea mjomba wake zawadi ya kopo kubwa linalong'aa. Akaeleza kwamba ndani mna oili mpya, haikuchimbwa ardhini kama nyingine. Ulaya wameitunga wenyewe katika maabara. Haiungui, haigandi, na injini ikiinywa inakuwa kijana.

Salumu alilipokea kopo lile kwa mikono miwili. Akalitia chini ya kitanda chetu, upande wangu.

Darwesh aliposikia alikataa katakata. Hoja yake ilikuwa kwamba Bi Mkubwa amelelewa na oili ya kuchimbwa tangu kuzaliwa, na mtu mzima humbadilishii maziwa. Tena oili mpya ni nyepesi na ina sabuni ndani yake. Itaosha uchafu wote wa miaka arobaini uliomo katika injini, na huo uchafu ndio ulioziba matundu yote. Ukiuosha, gari litavuja lote, libaki mlango na honi. Salumu akajibu kwamba gari linalosimama kwa nguvu za uchafu si gari. Darwesh akasema basi na wao wenyewe si watu. Wakaendelea hivyo kila jioni kwenye baraza ya Darwesh, kahawa inapoa, majirani wanaleta viti.

Hapakuwa na haja ya kufika mbali. Lakini jioni moja, wiki ya harusi, baraza imejaa watu, mtu mmoja akamwuliza Darwesh kama ni kweli amekwisha shindwa na kopo. Darwesh akasimama. Mimi na Mardhiya tulikuwa ndani tunachambua mchele wa harusi, dirisha liko wazi, tukasikia kila neno.

"Nisikilizeni," alisema Darwesh. "Siku oili ya kopo lile itakapoingia ndani ya gari hili, Mardhiya ni talaka tatu."

Mardhiya akaacha mkono wake ndani ya ungo. Nikamsikia mume wangu naye anainuka, nikajua kwamba nimekwisha.

"Na mimi naapa," alisema Salumu. "Tabia atafika Miono ndani ya gari hili hili, si basi wala lori. Na likifika na oili nyeusi ya Darwesh, Sihaba ameachika."

Mtu akacheka, akasema kumbe litavutwa na punda. Salumu akaona ameguswa, akaongeza kwamba litakwenda kwa moto wa injini yake yenyewe. Likivutwa, Sihaba ameachika. Lisipofika, Sihaba ameachika. Nadhani kama pangekuwa na mtu wa kucheka tena ningeachika hata mvua ikinyesha.

Talaka ya sharti ikishatamkwa haifutiki. Hata aliyeitamka hawezi kuirudisha mdomoni, atakaa naye aingoje kama wengine. Usiku ule Salumu hakukoroma. Nilimsikia anageuka huku na huku, na alfajiri akasema, uso ameelekeza ukutani, kwamba labda Darwesh atalegea. Nikamwambia Darwesh hajalegea tangu wakati wa Mjerumani. Akavuta shuka. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Kulipokucha kila mmoja alikwenda kuweka kufuli lake kwenye boneti ya Bi Mkubwa, asije mwenzake akamzunguka. Makufuli mawili, funguo mbili, mmoja kiunoni kwa Darwesh na mwingine kiunoni kwa Salumu. Bi Mkubwa akasimama katika banda la makuti nyuma ya nyumba ya Darwesh, kafungwa kifua kama sanduku la mahari, na tumboni mwake mna ile ile oili nyeusi.

Mimi na Mardhiya tukaenda kwa Sheikh Mrisho. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi na woga mwingi. Akatusikiliza, akafunga macho, akasema viapo vyote viwili vimesimama. Tukamwomba awaite waume zetu aseme nao. Akasema yeye anaishi na watu hawa, na samli ananunua kwa Darwesh. Akatuombea dua ndefu, akatusindikiza mpaka nje.

Siku ya pili yake Mardhiya alikuja uani kwangu kunifumua nywele na kunipaka mafuta, maana mama wa bibi harusi hawezi kuonekana na kichwa cha wiki iliyopita. Alikuwa na chupa yake ya mafuta ya nyonyo aliyoyatia asmini. Kila mtu Dunda alijua harufu ya kichwa cha Mardhiya. Alinipaka polepole, na baada ya muda nikaona tone limenidondokea shingoni ambalo si mafuta.

Na hapa niseme jambo. Mardhiya angeweza kunyamaza. Mambo yakibaki kama yalivyo, oili nyeusi ikabaki ndani ya gari, yeye yuko salama na mimi nimekwenda. Na mimi nilikuwa na kopo chini ya kitanda, upande wangu, na ningelitia lile kopo ningebaki na mume wangu na Mardhiya akaondoka na mabunda yake. Tulilijua hilo sote wawili na hakuna aliyelitaja.

"Shoga," alisema Mardhiya, "wewe ukiachika, mimi nitasukwa na nani?"

Nikamwambia asilie juu ya kichwa changu, mafuta yanaingia maji. Akajifuta, akageuka kuweka chupa juu ya cherehani yangu, na mkono ukateleza, chupa ikamwaga kidogo pale kwenye gurudumu. Nikamwambia aache tu. Cherehani ile ilikuwa inakunywa nyonyo tangu vita vya Hitla, na hata Bi Mkubwa alipokuja Salumu hakukubali kunipa tone la oili yake. Haijawahi kukwama.

Mardhiya akaitazama cherehani. Akaizungusha gurudumu kwa kidole, ikazunguka yenyewe bila sauti. Kisha akanitazama mimi, nywele zangu nusu zimesimama na nusu zimelala.

"Injini ni nini?" aliniuliza.

Nikamwambia kwa kadiri nilivyoiona mimi, injini ni cherehani yenye kiburi.

Tulirudi kwa Sheikh Mrisho nywele zangu zikiwa hivyo hivyo chini ya buibui. Tukamwuliza kama kuna neno iwapo oili nyeusi itamwagwa yote, kopo lisifunguliwe, na gari litiwe mafuta ya tatu ambayo hakuna aliyeyaapia. Sheikh akafikiri sana. Akasema oili ya kopo siyo, oili nyeusi siyo, gari likifika kwa moto wake, hapana aliyeachika. Akatuomba tusimtaje mpaka siku ya safari.

Kazi ikawa kupata mafuta yenyewe. Bi Mkubwa alikuwa na tumbo kubwa, na hakuna duka lililokuwa na nyonyo ya kiasi kile. Lakini hakuna nyumba ya mwenye watoto isiyokuwa na chupa ya nyonyo nyuma ya mlango, ya nywele kwa wakubwa na ya kuharisha kwa watoto waliovimbiwa. Tukapita mlango kwa mlango. Tuliposema ni kwa ajili ya talaka ya Sihaba, wanawake hawakuuliza la pili. Mmoja alitoa yenye karafuu, mwingine yenye mkadi. Bi Miza, jirani yetu, alitoa chupa ya dawa ya tumbo ya wajukuu zake, na kijiko bado kimefungwa shingoni kwa uzi. Debe likajaa, na harufu yake ilikuwa ya harusi kumi zilizofungiwa chumba kimoja.

Ijumaa waume zetu walikoga ili waende msikitini, na mwanamume akikoga havai ufunguo. Nikautoa wa Salumu kwenye kamba yake, nikaweka mahali pake ufunguo wa sanduku langu la vyombo. Mardhiya akafanya vivyo hivyo kwake. Walipotoka, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, tuliingia bandani na debe letu, spana moja na beseni la kufulia.

Mardhiya ndiye aliyeingia chini ya gari, kwa kuwa yeye ni mwembamba na kwa kuwa miaka yote amekuwa akimshikia Darwesh taa huku anafokewa, kwa hiyo anajua kilipo kila kitu. Akafungua. Nilitegemea oili. Kilichotoka ni uji mweusi, ukaanguka ndani ya beseni kwa vipande, na nikawaza kwamba Darwesh alisema kweli kuhusu ule uchafu. Tukamimina nyonyo kidogo, tukaiacha ipite, ikatoka nyeusi. Tukamimina tena mpaka ikatoka safi. Kisha tukafunga, tukajaza, tukarudisha kufuli. Chupa mbili zikabaki, tukaziweka akiba ya njiani. Waume zetu waliporudi walitukuta tunapepeta mchele, na mikono yetu inang'aa.

Ndoa ilifungwa alasiri ile msikitini. Usiku, waume zetu walipolala, tukawarudishia funguo zao. Kilichobaki ni kumpeleka Tabia kwake siku ya pili.

Jumamosi asubuhi Salumu alitoka na kopo chini ya kwapa. Akasimama mbele ya Bi Mkubwa. Darwesh akasimama mbele ya Salumu. Watu wa harusi wamejaa, vigelegele vimekatika, Tabia amekaa nyuma ya gari amefunikwa gubigubi na haelewi kwa nini haondoki. Nikaona wazi kwamba kila mmoja angetoa hata meno yake mtu amwambie namna ya kuacha. Basi nikawaambia wafungue boneti watazame.

Wakafungua. Darwesh akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Kilikuwa na rangi ya asali. Akakinusa, akakinusa tena, kisha akageuka kumtazama mkewe.

"Hiki ni kichwa cha Mardhiya," alisema.

Sheikh Mrisho, aliyejificha nyuma ya watu, akasukumwa mbele akatoa hukumu yake. Hapana aliyeachika, mradi oili nyingine haikuchanganyika hata tone. Hapo ingefaa iwe mwisho, watu wapande waende zao. Lakini Darwesh alikuwa muuza samli. Maisha yake yote alikuwa akinunua samli na mafuta ya ufuta kutoka kwa watu wanaochanganya, na ulimi wake ndio uliokuwa mizani yake. Kama tone la kopo limo, alisema, atalijua. Akaupitisha ulimi kwenye kijiti. Akasema halimo.

Salumu akasema hawezi kutegemea ulimi wa mtu mwingine kwa habari ya mkewe mwenyewe. Akakichovya kijiti tena, akajidondoshea kiganjani, akaramba. Akasema oili nyeusi nayo haimo, lakini hana uhakika. Darwesh akasema kama Salumu ameramba kiganja, yeye naye inampasa kiganja. Mardhiya alinifinya. Nilikuwa na la kusema kuhusu mafuta ya nyonyo na matumbo ya watu. Nikakumbuka kuku, nikakumbuka redio, nikanyamaza.

Kwa desturi yetu mama wa bibi harusi haendi kumpeleka mwanawe. Hukaa nyumbani akalia. Lakini talaka yangu ilikuwa imepanda gari lile, kwa hiyo na mimi nikapanda. Wanaume wawili mbele, Darwesh akiendesha. Nyuma Tabia katikati, mimi na Mardhiya ubavuni. Bi Mkubwa akawashwa kwa hendeli, akakohoa, akatoa moshi mweupe wenye harufu ya asmini na karafuu, watu wakapiga vigelegele, tukaondoka.

Na alikwenda, nasema kweli. Alikwenda kwa sauti nyororo ambayo sijawahi kuisikia, na Darwesh na Salumu wakawa wanatazamana kwa hasira kwa sababu anakwenda vizuri bila oili ya yeyote kati yao.

Msata tukasimama apumzike. Kiwango kilikuwa kimeshuka, tukatoa chupa ya akiba. Darwesh akataka kuionja kabla haijamiminwa, kwa kuwa hakuwapo ilipojazwa. Palikuwa na muuza kahawa pale penye njia panda, Darwesh akaazima kikombe, akakijaza, akanywa, akatafakari. Akasema ni safi. Salumu akaomba kikombe. Mmoja akitoa ushahidi, mwenzake alitaka wake uwe mzito zaidi. Madereva wa malori walikuja kutazama. Muuza kahawa akaniuliza kama wazee wangu ni wagonjwa, nikamwambia bado.

Mandera tukasimama tena, maana maji yalikuwa yanachemka. Wakaonja ya kwenye kijiti, safari hii wakailinganisha na ya kwenye chupa. Shida ikaja wakati wa kuondoka. Bi Mkubwa hakuwaka. Salumu akazungusha hendeli mpaka kofia ikamwanguka. Akazungusha Darwesh. Mardhiya akaanza kusoma dua. Mimi nilitazama njia ile ya vumbi, nikaona nyumba yangu, jiko langu, cherehani yangu, na mtu yule mzee anayetokwa na jasho mbele ya gari. Kisha Bi Mkubwa akawaka.

Hatukuwa tumekwenda mbali nilipomwona Darwesh anakaa vibaya. Akaegemea kulia, akaegemea kushoto. Salumu naye alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili. Gari linaruka kwenye mashimo, na kila shimo linawatoa mlio mdogo, wote wawili kwa pamoja. Tabia akauliza ndani ya kitambaa chake kama baba analia.

Mwishowe Darwesh akasema lazima asimame. Kulikuwa na kichaka kizuri mbele, akakionyesha kwa kidevu.

"Usisimame," alisema Salumu.

Darwesh akasema hana hiari.

"Darwesh, nakuomba kwa Mungu, usisimame. Likisimama lisiwake, mke wangu amekwenda." Sauti ilimkatika. "Nitakaa na nani mimi? Nitazungumza na nani?"

Miaka thelathini na kitu niliishi na mtu yule, na maneno hayo sikuwahi kuambiwa. Hata hapo sikuambiwa mimi, aliambiwa Darwesh, kwa ajili ya kichaka. Nikavuta buibui usoni. Mardhiya akanishika mkono, na Darwesh, ambaye hajalegea tangu wakati wa Mjerumani, akauma meno, machozi yakamtiririka, akakanyaga mafuta.

Kichaka kikapita. Kikapita na kingine. Kile kilima cha mwisho Bi Mkubwa alikipanda kwa kupumua, moshi umejaa barabara nzima, na mimi namwomba kama ninavyomwomba mtu, Bi Mkubwa mwenzangu, nihurumie. Akafika juu. Tukaona mabati na makuti ya Miono, tukasikia ngoma.

Walitupokea kwa heshima zote. Mikeka imetandikwa, sahani zimefunikwa, na bibi yake bwana harusi, Bi Mwanamvua, amesimama mbele na wanawake wake. Darwesh hakuzima gari, alitoka likiwa bado linanguruma. Salumu alitokea mlango wa pili. Watu wa Miono walisimama kuwapa mikono, na wakwe wakawapita mbio, kanzu wamezikusanya mpaka magotini, wanauliza choo kiko wapi. Nilishuka nikalizima gari mwenyewe, nikatoa shikamoo kwa Bi Mwanamvua. Akaitika marahaba, akaniuliza ni ubani gani huo tuliokuja nao, hajapata kunusa mzuri kama huo.

Choo kilikuwa kimoja. Darwesh aliwahi, na Salumu akabaki nje anagonga makuti, anamwita ndugu yangu, anamwita mpenzi wangu, anamwambia oili yoyote aitakayo yeye ndiyo itakayotiwa maisha yote. Kutoka ndani Darwesh akajibu kwamba hapana, ya kopo ndiyo bora, alikuwa anabisha tu. Kisha Salumu hakuweza kungoja, akaingia kwenye shamba la mahindi la watu. Pilau ya harusi hawakuionja. Wanaume wa Miono walikaa wanaulizana kimyakimya kama Waarabu na watu wa pwani wana mila hii siku zote au ni kwa ajili ya harusi ya Ramadhan tu.

Alasiri nilimkuta Salumu amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, macho yamemwingia ndani. Tabia alikwisha ingizwa kwake salama. Nilimpelekea uji mwembamba wenye chumvi. Nikamwinua kichwa akanywa kidogo, akaniambia ahsante mama Tabia. Nikamwambia hata mimi nisingekuwa na wa kuzungumza naye. Akajua nilisikia. Akatazama pembeni kwa haya, mzee mzima, na mimi nikacheka mpaka uji ukamwagika.

Kisha akajiinua kwa kiwiko, akakunja uso wake wa mambo makubwa.

"Sihaba, sikiliza," alisema. "Wallahi, kuanzia leo, mimi nikitamka tena neno talaka, basi wewe ni—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu chote. Kiganja kilikuwa bado kinanuka nyonyo. Nikaona macho yake yanatoka, akanisukuma, akasimama na kukimbilia mahindini, na ile ya tatu mpaka leo hajaimaliza.